Neno Tulilolikataza Hangani

Wadogo zangu wa hangani,

Mmenisumbua tangu siku ya kuniaga niandike kuhusu kazi, na kwa kuwa sasa nashinda nyumbani nikitazama kuku, sina kisingizio. Nilidhani mngeniomba kwanza niwarudishie ile spana ndogo ya pembe mnayosema iko kwangu. Ni kweli, iko kwangu. Haya, tuandike.

Niseme mapema kwamba nimechoka. Mgongo umechoka, hilo mnalijua. Mtu aliyetumia ujana wake amejikunja ndani ya mkia wa ndege asitegemee kunyooka uzeeni. Lakini zaidi yamechoka masikio. Mpaka leo gari likipita nasikiliza injini yake bila kutaka. Pikipiki ya jirani yangu ina valvu inayogonga, nami naona haya kumwomba anipe niirekebishe, na kulala mchana siwezi. Vyeo na mishahara sitaviandika. Havikuwa vingi kiasi cha kujaza ukurasa.

Nilifika kazini nikitoka chuo cha ufundi, nikiwa na oveloli mpya iliyopigwa pasi. Hanga lilikuwa lile lile la mabati mnalolijua, ila wakati huo paa lilikuwa bado halivuji. Ndege za serikali tulizozitunza zilikuwa ndogo, za injini moja: moja ya kubeba madaktari na maofisa kwenda Kigoma, Urambo na kwingineko, nyingine ya kunyunyizia sumu kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaomaliza mashamba ya nafaka. Fundi mkuu alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa Isevya, hapa hapa Tabora mjini, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma kichwani hata akiwa chini ya injini. Kwao walikuwa watu wa mjini tangu enzi za misafara, na Kiswahili chake kilinyooka hivi kwamba hata akikutukana ulikuwa unachelewa kujua.

Siku yangu ya kwanza alinipa ufagio. Nikafagia hanga lote, nikamwita aje aone. Akainama, akachakura lile rundo la vumbi kwa kidole, akatoa nati moja iliyoshika kutu.

"Hii imetoka wapi?"

"Sijui, mzee."

"Basi leo haruki mtu mpaka tujue."

Nilidhani ananitania kwa sababu mimi ni Mnyamwezi. Hakuwa anatania. Tulizunguka ndege zote mbili, mimi na yeye, tukishika kila bolti ambayo mkono unaifikia, huku daktari mmoja aliyetakiwa kwenda Kigoma amekaa juu ya begi lake akitutazama vibaya. Mwishowe tukagundua nati ile ilidondoka kwenye baiskeli ya mlinzi. Mzee Hamisi akamrudishia mlinzi nati yake, akamwambia daktari sasa apande. Njiani kwenda kunawa mikono akaniambia, "Babu zako walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani. Mzigo wa mpagazi ukidondoka, anauokota anaendelea na safari. Wetu ukidondoka unaokotwa na polisi."

Wiki hiyo hiyo ndipo nilipofundishwa neno. Aliniuliza kama nimefunga kifuniko cha tangi la kushoto, nami nikajibu, "Tayari, mzee." Akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Tayari nini?"

"Tayari nimefunga."

"Hukusema umefunga. Umesema tayari. Hilo ni neno la mpishi wa shughuli, la kuwaambia watu wanawe mikono. Hapa taja kitu, taja ulichokifanya, na mkono wako uwe juu yake."

Kisha akanieleza. Miaka mingi kabla yangu, rubani alikuwa amekwishakaa kwenye kiti chake, akamwuliza fundi kupitia dirishani, "Kifuniko tayari?" Fundi akajibu, "Tayari," maana yake amekwisha kukifungua apime mafuta, akaondoka kwenda kuchukua kijiti cha kupimia. Rubani alielewa kwamba kimefungwa na safari iko tayari. Fundi aliporudi na kijiti chake, ndege ilikuwa inakimbia uwanjani. Upepo ulifyonza mafuta yote ya upande ule, na ndege ikaangukia shamba la tumbaku upande wa Urambo. Rubani alitolewa akiwa hai lakini mgongo umevunjika, hakuruka tena. Mzee Hamisi hakuniambia huyo fundi alikuwa nani, nami sikuuliza.

Ndiyo maana mlinikuta na tabia ile mnayoiigiza mkidhani sioni: "Bolti ya juu kulia, nimekaza, nimefunga waya," na kiganja juu ya bolti. Wageni walidhani tunaiombea ndege. Mwenzangu Sospeter, ambaye ni mzee wa kanisa kwa Wamoraviani, alikuwa akisema wagonjwa wa kanisani angalau hushukuru.

Kuhusu wadudu nitaandika kifupi, kwa sababu hata ninyi mnapambana nao. Nchi yetu ni ya asali, na nyuki hajui tofauti ya mzinga na mkia wa ndege iliyoegeshwa muda mrefu. Mara moja walihamia kundi zima, tukamwita mrina asali. Akaja na kienge chake kinafuka. Tukamwambia hapa moto hauwashwi, kuna mafuta. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Sasa mnataka niwabembeleze?" Tukaisukuma ndege mbali kabisa na hanga, tukamwaga mafuta yote yaliyokuwemo matangini, na kazi ikamalizika jioni, kila mmoja akiwa na uso uliovimba upande wake. Asali ilikuwa na harufu ya grisi. Sospeter aliila hivyo hivyo.

Nyigu ni wabaya zaidi kwa sababu hawaonekani. Wanajenga udongo ndani ya mrija wa kupimia mwendo, na rubani akikimbiza ndege aruke, mshale unabaki kwenye sifuri. Vile vitambaa vyekundu vya kufunika mrija si pambo. Mara tatu nimevikuta vinafutiwa meza ofisini.

Mzee Hamisi alistaafu, akaniachia kioo chake kidogo chenye mpini mrefu, kile cha kuchungulia nyuma ya injini mahali jicho halifiki. Alisema nisiwaazime watu. Baadaye akafariki, tukamzika hapa hapa mjini, na Jumatatu yake nilipofungua hanga nilisimama mlangoni kama mtu aliyepotea nyumba. Nimefanya kazi miaka mingi zaidi bila yeye kuliko pamoja naye, na bado nilikuwa namsikia akiweka kikombe chini.

Sasa niandike lile mnaloulizana kila mara mkidhani sisikii.

Ulikuwa msimu wa mpunga, na mimi nimekwishakuwa fundi mkuu, kichwa kimejaa mvi. Kwelea kwelea waliingia Igunga. Asiyewajua atashangaa ndege mdogo hivyo anawezaje kumaliza shamba, lakini wanakuja kwa makundi ambayo yakipita juu, kivuli kinapita ardhini kama cha wingu. Mchana wanakula, magharibi wanarudi kulala pamoja kwenye matete. Saa hiyo, jua linapozama na wote wamekusanyika, ndipo ndege yetu hupita chini kabisa juu ya matete na kumwaga sumu. Kabla ya hapo wakulima huwaamia mchana kutwa, wakigonga madebe na kutupa mawe kwa kombeo.

Dada yangu Kabula alikuwa na majaruba yake ya mpunga Ziba, huko huko Igunga. Mama yetu alifariki mimi nikiwa mdogo, na dada ndiye aliyeacha shule akanipikia, akanifulia, akanisukuma darasani mpaka nikafika chuo. Mpunga wa mwaka ule ndio ulikuwa tegemeo la nyumba yake yote, yeye na wajukuu aliokuwa akiwalea. Aliponipigia simu juma lile sauti ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele. "Daudi, mikono yetu imefika mwisho," aliniambia. "Leteni hiyo ndege."

Asubuhi ya safari nilifanya ukaguzi mwenyewe. Kwenye fremu ya mabomba ya chuma inayoshika injini, nyuma, mahali pa kuungia, kioo cha Mzee Hamisi kilinionyesha mstari. Mwembamba, na pembeni yake vumbi kidogo la rangi ya kutu. Ungeweza kuwa mkwaruzo wa rangi, na pia ungeweza kuwa ufa. Kuna rangi nyekundu ya kupimia nyufa mnayoijua: unapaka, unafuta, unapuliza unga mweupe, na kama ufa upo, wekundu unachungulia. Yetu ilikuwa imekwisha, nyingine iko kwenye treni kutoka Dar es Salaam. Nilisafisha, nikatazama kwa lenzi, nikatazama tena. Sikuweza kuapa.

Rubani alikuwa Kapteni Temba, mtu mpole, aliyeifanya kazi ile miaka mingi kuliko wengi. Alikuja akiwa na kofia yake mkononi.

"Fundi, unaona ufa au unahisi ufa?"

"Nahisi."

"Mpunga unaliwa huko."

"Najua, Kapteni. Wa dada yangu umo."

Ndege ile ikijazwa sumu inakuwa nzito, na mwisho wa matete rubani huivuta juu kwa nguvu. Fremu ikiachia pale, injini inaondoka peke yake. Yeye alilijua hilo kuliko mimi. Akasema, "Ukisema inatoka, naenda nayo. Sitakuuliza mara mbili." Hapo ndipo nilipochoka kweli kweli. Angekuwa ananikaripia ingekuwa rahisi. Mkuu wa kituo naye alikuja, hakufoka, aliniuliza tu nina uhakika gani. Nikamwambia sina uhakika, na kwa kuwa sina, haitoki. Alikunja uso, akakubali, akatoka kwenda kutafuta ndege nyingine mikoani. Hakuipata.

Nikaingia stoo kupekua makopo ya zamani, labda kuna tone la rangi lililobaki. Wakati huo simu ikapigwa ofisini kutoka Igunga, wanauliza, "Ndege tayari?" Karani wetu, ambaye hakuwa na habari yoyote ya mambo yetu ya fremu, akaja mpaka mlangoni mwa hanga akauliza vilevile. Sospeter alikuwa chini ya injini, kompresa inanguruma. Akajibu, "Tayari tumeifungua." Maana yake tumekwisha kuivua makava, iko wazi. Karani alisikia neno la kwanza, mengine yakamezwa na kompresa. Akarudi kwenye simu akasema, "Mafundi wanasema tayari."

Sospeter asingemjibu fundi mwenzake hivyo hata angeamshwa usingizini. Lakini aliyeuliza alikuwa mtu wa nje, na mtu wa nje hujibiwa kwa Kiswahili cha nje. Sheria ya Mzee Hamisi ilikuwa ikikomea mlangoni.

Huko Igunga neno lile lilifika kwa mabwana shamba, nao wakafanya kazi yao inavyotakiwa. Wakawaambia watu waache kugonga madebe, wasiwatawanye kwelea kwelea, waache kundi zima litulie kwenye matete ili ndege iwakute pamoja. Watu na ng'ombe wakaondolewa mchana. Wakaambiwa na asubuhi yake mtu asikanyage shambani mpaka atangaziwe, kwa sababu ya sumu. Dada yangu, ambaye alikuwa hajaketi juma zima, akaweka debe chini, akaenda nyumbani, akalala.

Magharibi ndege haikuja. Mafundi tulijua haiji, mkuu alijua haiji, na kila mmoja wetu aliamini Igunga wanajua. Asubuhi kwelea kwelea waliamka, hakuna anayepiga kelele, hakuna hata mtoto shambani. Wakala mpaka jua likapanda.

Dada alinipigia mchana. Swali lake la kwanza sitalisahau.

"Daudi, ndege yenu imeanguka?"

"Hapana, dada. Haikuruka."

"Haikuruka."

"Niliizuia mimi. Niliona kitu kwenye chuma."

"Sisi tuliambiwa tayari," akasema, na simu ikakatika. Hakunipigia tena mwezi ule, wala mwezi uliofuata. Nami nilipopiga, mjukuu alipokea na kusema bibi yuko kisimani.

Rangi ilipofika na treni tulipaka wote tumesimama. Tukafuta, tukapuliza unga, tukasubiri. Wekundu ulichungulia kwenye ule mstari, ukatambaa, ukalizunguka bomba mpaka karibu kukutana na mkia wake wenyewe. Kapteni Temba alitoka nje, akakaa juu ya tairi, akakaa hapo mpaka chai yake ikapoa mkononi. Mkuu wa kituo alinipa mkono. Wengine walinipongeza, na zile pongezi nilizichukia. Nilikuwa nafikiria majaruba.

Sospeter aliumia zaidi ya wote. Alinifuata nyumbani Jumapili akiwa bado na nguo za kanisani, akaniomba nimwambie dada kwamba aliyesema neno lile ni yeye. Nikamwambia hapana. Dada alikuwa hahitaji jina la mtu wa kumchukia. Tayari alikuwa na langu. Mnaona nami naliandika neno lile. Kwenye karatasi haliui mtu.

Fremu mpya ilikuja, ndege ikaenda Igunga, ikafanya kazi safi, na vijiji vya mbele vikapona. Kwa Ziba ilikuwa imechelewa. Tangu wakati ule sheria ilitoka hangani ikaingia ofisini, na karani wa simu siku hizi huja mpaka chini ya injini, anauliza, na anasubiri aelezwe kitu gani kimefanywa. Mkiwaona makarani wapya wanalalamika kwamba mafundi wa Tabora hawana jibu fupi, wavumilieni, waelezeni. Hiyo ndiyo sehemu ya barua hii inayohusu kazi. Inayobaki ni yangu.

Baada ya mavuno niliomba nikatiwe kipande cha lile bomba, pale penye ufa. Nikakifunga kwenye gazeti, nikapanda basi la Igunga, kutoka pale nikachukua pikipiki mpaka Ziba. Nilimkuta dada uani anapepeta.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kigoda kiko pale."

Hakuuliza habari za nyumbani kwangu, na hilo kwetu si dogo. Nikakaa. Nikafungua gazeti, nikampa kile chuma. Akaweka ungo chini, akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza kwenye mwanga, akakipapasa kwa kidole gumba.

"Kilichopasuka kiko wapi?"

"Hapo. Huo mstari."

"Huu unywele?"

"Huo."

Akaukwaruza kwa ukucha. Ukucha haukunasa popote. Alikuwa amekonda shingo, nikatazama pembeni.

"Huu ndio uliokula mpunga wangu," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, dada."

"Na ingeruka?"

"Rubani asingerudi."

Alikizungusha kile chuma. Mjukuu wake mmoja alipita na ndoo, naye dada akamsubiri apite.

"Huyo rubani ana watoto?"

"Anao. Wadogo."

Akakirudisha kwenye gazeti, akakifunga vizuri jinsi kilivyokuja, akanipa.

"Basi hao watakula," alisema, akachukua ungo wake.

Nilikaa pale mpaka akamaliza kupepeta. Hakukuwa na kingi cha kupepeta.